Kabla Hujapanda Treni na Taaka

Kisoko, Jumapili jioni

Mwanangu Achieng,

Sianzi na salamu. Hali yangu unaijua, leo asubuhi tumekunywa chai pamoja, na hali yako naijua kuliko unavyodhani. Umekwenda Kiyeyi kumuaga nyanya yako, na kwa jinsi ninavyomfahamu atakushikilia mpaka jua lishuke. Kwa hiyo nina nafasi ya kukaa peke yangu na kusema yaliyonikwama kooni tangu jana. Nimeisogeza cherehani pembeni nikaweka karatasi mezani. Mistari ikipanda juu, usinicheke. Meza hii imezoea nguo.

Habari ya sweta na maji ya kuchemsha sitakuandikia. Baba yako ameshaanza hotuba hiyo, na shangazi zako wataimalizia kesho.

Jana nilikwenda sokoni Tororo kutafuta uzi wa gauni lako la safari. Yule mama anayeuza vifungo akaniona, akacheka, akasema, "Mama Achieng, wewe nafurahi sasa. Mtoto nakwenda na Taaka Jumatatu. Hapana ogopa, Taaka tachunga yeye mzuri." Nikamjibu ndiyo, nafurahi. Nikalipa, nikaondoka, na nilipofika nyumbani nikaona nimebeba uzi wa kijani kwa gauni la bluu.

Uliniambia ni kanisa lililokutafutia nafasi ya kusomea ualimu wa klabu za akina mama. Nikamshukuru mchungaji mbele ya watu, naye akanitazama kama mtu asiyejua anashukuriwa kwa nini. Kumbe ni Taaka. Taaka ndiye aliyepeleka jina lako, Taaka ndiye atakayekaa nawe kwenye behewa, na Taaka ndiye aliyekufundisha Kiingereza mwaka mzima, kila nilipokutuma Busia kupeleka magauni ya wateja. Mimi huku nilikuwa nakusifu kwa majirani kwamba mtoto huyu hachoki, Busia kila wiki na hanung'uniki. Ungenung'unikia nini?

Baba yako alipotoka zamu kiwandani, vumbi la saruji bado liko kwenye nyusi, nilimuuliza kama alijua. Akanieleza yote, akasema alijua, na kwamba angeniambia ningekataa. Kweli ningekataa. Lakini Achieng, mtu akikataa jambo amekataa, mnaweza kumbembeleza au kugombana naye. Mtu aliyefichwa hana hata nafasi ya kugombana. Nyumba nzima ilikuwa inajua, mimi peke yangu nilikuwa nashona na kuimba.

Nimeumia. Naandika neno hilo waziwazi ili usije ukadhani nimekasirika tu, maana hasira yangu unaijua, inakwisha na jioni. Hili halikuisha jana na halijaisha leo.

Wewe unaijua habari ya Taaka nusu nusu. Ulikuwa mdogo, na baadaye mimi mwenyewe sikuisema vizuri. Niliwaambia watu alimhonga karani ili apate kazi. Hakumhonga mtu yeyote. Alilofanya ni jingine, nami nilikuwa naona haya kulieleza, kwa sababu kulieleza ni kujieleza mimi pia.

Aliolewa hapa Kisoko akitokea Usamia, na shamba lake lilipakana na letu. Hakujua Kidhopadhola, mimi sikujua Kisamia, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili cha sokoni, tukakizoea mpaka hata kuteta wakwe zetu tuliteta kwa Kiswahili. Yeye alikuwa amesoma misheni miaka kadhaa. Mimi, kama unavyojua, shule walikwenda wajomba zako. Lakini nilikuwa na cherehani, na nilijua kushona gauni la gomesi ambalo mabega yake yanasimama yenyewe bila kujikunja, kazi ambayo mafundi wengi hapa bado inawashinda.

Unajua wanawake wa hapa tunavyolima. Leo wote tuko kwa fulani, kesho kwa mwingine, mpaka mzunguko ufike kwako. Na unajua sheria: katika shamba la mwenzako unalima kama lako, jembe linazama mpaka kwenye mizizi. Ukilima juujuu, siku hiyo hakuna atakayejua. Shamba litaonekana safi, utapewa uji, utashukuriwa. Mvua ikinyesha ndipo magugu yanarudi mstari ule ule uliopita wewe.

Mwaka ule kabla ya Uhuru tulisikia kwamba serikali ya saza inatafuta mwanamke wa kufundisha klabu za akina mama. Awe anajua kushona na awe anajua kusoma Kiingereza. Taaka alikuwa na kimoja, mimi nilikuwa na kingine. Tukakubaliana shambani, majembe mkononi, kwamba tutasomeshana kama tunavyolimiana. Siku yake nitamfundisha cherehani, siku yangu atanifundisha kusoma. Tulikwenda wote wawili kuandikisha majina, na tukaapa kwamba yeyote atakayechukuliwa atamvuta mwenzake. Niliona ni jambo zuri kupita yote niliyowahi kufikiri, maana lilikuwa kama kazi ninayoijua. Kosa langu lilianzia hapo. Shamba nililimiwa na mtu mwingine na mahindi nikala mimi. Nikadhani na kichwa ni hivyo hivyo.

Mimi nilimpa kila kitu, Achieng. Sikumfundisha kukanyaga tu. Nilimwonyesha jinsi ya kusikiliza cherehani inapoanza kulia kwa kukosa mafuta. Nilimfumulia bega la gomesi alilolishona, nikamfumulia tena, naye akilia kwa hasira, mpaka likasimama. Akiharibu kitambaa changu nilinyamaza. Siku zangu zilikuwa zimejaa, nilikuwa na wewe na wadogo zako, shamba, wateja na zamu za baba yako, lakini siku ya Taaka sikuiruka.

Siku yangu ilipofika alikuja na kijitabu chenye picha ya mama anayemwogesha mtoto kwenye karai. Alisoma mstari, nikasoma baada yake. Akaweka kidole, nikaweka changu. Baada ya majuma nilikuwa nasoma ukurasa mzima bila kusita, kwa Kiingereza, na Taaka akinieleza maana ya kila mstari. Wewe ulikuwa unakaa mlangoni ukinisikiliza, unakumbuka? Baba yako aliwaita rafiki zake waje wasikie. Mimi nikakohoa kidogo kama mchungaji, nikasoma. Walipiga makofi.

Mara moja nilimwambia Taaka tufungue kitabu kingine. Akasema, "Ingine bado. Kwanza hii ingie kichwani mzuri. Wewe nasoma mzuri sana, hapana haraka." Nikafurahi kusifiwa. Mtu akichoka na kazi za kutwa, sifa inamtosha kuliko somo. Hiyo nimeijua kwa gharama, na nakuambia bila kukukaripia.

Siku ya mtihani tulitembea pamoja mpaka ofisi ya saza. Tulikuwa wanawake wachache kwenye benchi, na mbele yetu Bibi wa Kizungu na karani wake. Tulianza na kushona. Taaka alishona bega, likasimama, na Bibi akaliinua kila mtu alione. Mimi moyoni nikasema hilo ni langu, na sikuona wivu, nakuapia. Kisha wakaja kwenye kusoma. Bibi akanipa karatasi. Nikasimama, nikainyoosha, nikaanza: jinsi ya kumwogesha mtoto, maji yawe vuguvugu, shikilia kichwa. Nilisoma kwa sauti nzuri. Karani akaweka kalamu chini. Nikaendelea, sabuni isiingie machoni. Bibi akainuka, akaja polepole akasimama pembeni yangu, akatazama karatasi, akanitazama mimi. Halafu akamwambia karani neno, karani akanitafsiria, na hakucheka, ingawa mdomo wake ulimsumbua: "Mama, karatasi hii inaeleza kuchimba choo."

Hapakuwa na mtoto wala karai. Niliitazama karatasi ile, na kwa mara ya kwanza nikaiona. Ilikuwa na alama nyeusi tu, na hakuna hata moja iliyoniambia kitu. Nilikuwa nimeikariri sauti ya Taaka. Macho yangu yalikuwa yanatembea juu ya maandishi na hayakuwahi kugusa chini. Wale wanawake wa benchi walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. Taaka hakucheka. Alikuwa anatazama kucha zake.

Tukiwa njiani kurudi nilimwambia, "Taaka, wewe najua." Nilitaka akatae. Laiti angesema yeye pia amedanganyika, ningemwamini na leo tungekuwa bado tunalimiana. Akasema, "Mimi nilijua kitambo. Mama Achieng, wewe nashona kupita mimi. Kama wewe nasoma pia, wao wangechukua wewe. Mimi nafanya nini?" Akaongeza kwamba mume wake anampiga, kwamba hana kitu kingine cha kumtoa kwenye nyumba ile. Lile la mume lilikuwa kweli, nilishawahi kumfunga kitambaa mkononi mimi mwenyewe. Ndiyo maana mpaka leo sijaweza kumchukia vizuri, na hilo nalo linaniudhi.

Wakamchukua yeye. Wakampeleka Busia, akaondoka Kisoko na mzigo kichwani, na yule mume hakumfuata. Ile ahadi ya kuvutana haikutimia. Mimi nikaacha kwenda kulima na wenzangu msimu mzima. Nilikuwa nikisikia kicheko kisimani nadhani wanasema habari ya karai. Kijitabu nilikitumia kuwashia moto, na nilipokuwa nakichana mdomo ulikuwa unakisoma wenyewe.

Kilichonirudisha ni samaki. Nilianza kupeleka magauni Busia mwenyewe, siku hizo wewe ulikuwa bado mdogo mno kutumwa, na wakati wa kurudi nilinunua samaki wakavu. Muuzaji aliwafungia gazeti kuukuu la Kiswahili kutoka Kenya. Siku moja nyumbani nikakunjua, nikaona kipande kifupi ndani ya kisanduku. Kukariri kulikuwa kumenisaidia kitu kimoja, herufi nilizifahamu kwa sura, kama watu unaopishana nao njiani bila kujua majina yao. Nikaanza kuzibana moja moja, nikizilinganisha na sauti za kijitabu nilichokariri, na kwa kuwa lugha ilikuwa ile ile tuliyotumia kuteta wakwe, neno likatoka. Baiskeli. Nilisimama, nikatoka nje, nikarudi. Likawa bado baiskeli.

Kipande kile kilinichukua siku nyingi. Muda wangu ulikuwa ule ambao pasi ya makaa inapata moto. Huwezi kushona, huwezi kupiga pasi, unasubiri tu, na kila fundi huutumia kupiga soga. Mimi nilibandika gazeti ukutani juu ya pasi. Pasi ikiwa tayari naacha hata katikati ya neno. Mwishowe nikajua kwamba mtu mmoja, mahali ambapo sijawahi kufika, amepoteza baiskeli yenye kengele iliyovunjika na anawaomba walioiona wampe habari. Nililia kwa ajili ya baiskeli ya mtu nisiyemjua. Hakuna aliyekuwa ameniambia habari ile. Taaka hakuijua, baba yako hakuijua. Ilitoka kwenye karatasi ikaja kwangu mwenyewe.

Basi hiyo ikawa njia yangu. Nikikisoma kipande mara mbili, mara ya tatu nakitoa ukutani, maana sikujiamini tena, niliujua mdomo wangu na tabia yake. Muuzaji wa samaki nilimzoea, nikawa namwambia anifungie ukurasa wowote, asinichagulie. Akadhani nina kichaa kidogo. Ilinichukua miaka, Achieng, na hakuna aliyepiga makofi, na hata wewe hukuona. Uliona gazeti ukutani ukadhani nazuia masizi. Ndiyo sababu nakuandikia Kiswahili na si Kidhopadhola tunachoongea humu ndani. Hiki ndicho nilichojifundisha, nataka ukione.

Sasa nirudi kwako. Usiku wa jana hofu yangu haikuwa kwamba umenificha. Hofu ilikuwa kwamba amekufundisha wewe kama alivyonifundisha mimi. Nilikuona umesimama mbele ya watu, unasoma vizuri, na karani anaweka kalamu chini. Ningeweza kuvumilia kudanganywa na wewe. Kudanganywa kwako nisingeweza.

Kwa hiyo leo asubuhi, kabla ya kanisa, nilikupa kile kikaratasi cha Kiingereza kilichokuja ndani ya boksi la dawa ya kikohozi, nikasema sijui nimpe mdogo wako kiasi gani. Sikuwa na haja ya dawa. Nilikuwa nakupima, nisamehe. Ulikikunjua, ukakunja uso, ukasema kuna neno moja hulijui, kisha ukanieleza yote: kijiko kidogo, baada ya chakula, mtoto mchanga asipewe, chupa itikiswe kwanza. Ulisema kama jambo la kawaida, na ukaendelea kusuka nywele. Mimi nikaingia jikoni. Uliniuliza mbona macho mekundu, nikasema moshi, na moto ulikuwa haujawashwa.

Lile neno usilolijua ndilo lililonituliza. Mimi kwenye kijitabu changu hapakuwa na neno nisilolijua.

Kwa hiyo Taaka alijua kufundisha. Alijua siku zote. Alikupa wewe kilicho kamili, na kwangu alilima juujuu, na sijui niseme nini juu ya hilo. Nimefurahi mpaka nimeumia. Labda kwako alikuwa analipa, labda alizeeka akalainika, labda alikupenda tu, unapendeka. Usimuulize kwa niaba yangu. Na usinipendelee kwa kumfanyia kiburi ndani ya behewa, amekufanyia kazi kubwa. Lakini usije ukaniambia kwamba ulinificha ili nisiumie. Ulificha ili usinione nikiumia. Hayo ni mambo mawili, na la pili lilikuwa kwa faida yako.

Kesho nitakuja stesheni. Baba yako anadhani sitakuja, ameshapanga kusema nina homa. Nitabeba sanduku lako upande mmoja nawe upande mwingine, na Taaka akiwa pale nitamsalimu kwa jina, mbele yako. Zaidi ya hapo sijui kitakachotoka mdomoni, kwa hiyo siahidi. Gauni lako nimelishonea uzi wa kijani kwa ndani, kwenye pindo, ambapo hapaonekani. Nilikataa kurudi sokoni kwa yule mama wa vifungo.

Jambo moja nakuomba ukifika huko na ukapewa klabu yako. Watakuja wanawake kama mimi, waliochoka, mtoto mgongoni, mkono una unga. Mmoja atasoma vizuri kuliko wote na wenzake watamsifu. Mtazame macho. Ukiona mdomo unakwenda mbele na macho hayaufuati, usimsifu na usimcheke. Ngoja wenzake waondoke, kaa naye karibu, umfungulie ukurasa mwingine. Atakuchukia siku hiyo. Mfungulie hivyo hivyo, kabla hajasimama mbele ya karani.

Nasikia sauti yako barabarani, unacheka na mtu. Nitaiweka karatasi hii chini ya gauni, ndani ya sanduku, uikute ukiwa umeshafika mbali.

Ukiniandikia, usinijazie salamu. Zile za "hali yangu njema, sijui wewe hapo ulipo", hizo naweza kuzisema zote kabla sijafungua bahasha, na mdomo wangu unaujua sasa. Niandikie kitu ambacho siwezi kukikisia. Nitakisoma pasi ikipata moto.

Mama yako